Wa chini wakitoboa jahazi, wa juu tumewapa maji?

Limekuwa jambo la kawaida kusikia redioni na kwenye semina kwamba mkulima anatakiwa "kuhimili mabadiliko ya tabianchi". Anaambiwa apande mbegu inayokomaa mapema, achimbe makinga maji, atandaze majani shambani, aache kukata miti na aondoke bondeni. Ushauri huu ni mzuri na sehemu kubwa yake imethibitika. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo bwana shamba halijibu, kwa sababu si la kilimo. Ni swali la haki. Mtu anapojiokoa na njaa kwa njia inayomwumiza mwenzake, je, ana kosa? Na kama analo, ni lake peke yake?

Nalileta swali hili kwa sababu niliulizwa. Nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari yenye bweni, na baadhi ya wanafunzi wangu hutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa. Siku moja tukiwa kwenye mada ya haki za jirani, kijana mmoja mzaliwa wa Biharamulo alinyoosha mkono akasema: "Ustadh, mahindi yakikauka baba anachoma mkaa. Huo ndio sare yangu na nauli yangu. Anapata dhambi?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anataka jibu, na kwa hakika alistahili jibu zaidi ya "ndiyo" au "hapana".

Ili tulielewe swali lake, kwanza tuitazame nchi yenyewe. Wilaya ya Ngara ipo pembeni kabisa mwa mkoa wa Kagera, inapakana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya milima. Mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingiza maji Ziwa Victoria. Watu wa Ngara wanaishi kwa migomba, maharage, mihogo, mahindi na kahawa. Biharamulo ipo upande wa mashariki, ina ardhi ya tambarare zaidi na misitu ya miombo, na kwa miaka mingi imekuwa ikipokea watu kutoka wilaya nyingine, wakulima wanaotafuta ardhi na wafugaji wanaotafuta malisho.

Mkulima wa huko anaitegemea mvua. Anapanda vuli, anapanda masika. Kilio chake sasa ni kwamba mvua haina ahadi. Inachelewa kuanza, ikianza inapiga kwa nguvu na kuchukua udongo wa mlimani, kisha inakata maharage yakiwa kwenye maua. Hapana shaka kwamba ukame ulikuwepo hata zamani. Lakini wanasayansi wa jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi walieleza katika ripoti yao ya mwaka 2021 kwamba joto la dunia limekwishapanda kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko lilivyokuwa kabla ya zama za viwanda, na kwamba sababu yake ni shughuli za binadamu. Hali ya hewa ambayo babu alimfundisha mjukuu wake kuisoma sio ile ambayo mjukuu anakutana nayo leo.

Mkulima huyu hakukaa akisubiri. Amezidisha mihogo kwa kuwa inavumilia jua. Anachanganya maharage na mahindi ili kimoja kikishindwa kingine kisalie. Anatandaza majani kwenye migomba yake ili unyevu usipotee, na kwenye miteremko wapo waliochimba makinga maji na kupanda majani ya malisho kingo zake. Kati ya mwaka 2010 na 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilisimamia mradi wa kuhifadhi ardhi katika bonde la mto Kagera, kwa nchi za Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania. Ngara ilikuwamo, na wakulima walijifunza kwa mashamba darasa, yaani mkulima anajifunza shambani pamoja na wenzake, anaona kwa macho yake kabla ya kuamini.

Hayo ni mambo ya kupongezwa, na mengi kati yake humsaidia jirani pia. Anayekinga maji mlimani anamwokoa aliye chini na mafuriko ya tope. Lakini tuwe wakweli. Zipo njia nyingine za kujiokoa ambazo zinahamisha msiba kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Nitataja nne.

Ya kwanza ni bonde. Mvua ikikata, unyevu unabaki bondeni, na mwenye njaa anashuka na jembe. Analima mboga na mahindi hadi ukingoni mwa mto, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Yeye anavuna. Miaka inapita, chemchemi inapungua, na binti wa kijiji cha chini anatembea mwendo mrefu zaidi na ndoo kichwani.

Ya pili ni mifugo. Mfugaji ambaye malisho yake yamekauka anahamisha ng'ombe wake hadi penye majani. Penye majani mara nyingi ni shambani kwa mtu au hifadhini. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, hivyo njia ya kukimbilia huko ni nyembamba kuliko ilivyokuwa.

Ya tatu ni uzembe unaofichwa na umaskini. Kuna mnyauko wa migomba, ambao Kagera wengi wanauita unyanjano. Ugonjwa huu uligunduliwa mkoani humo mwaka 2006. Unaenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume la mgomba, kwa panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, na kwa machipukizi yanayobebwa kutoka shamba hadi shamba. Dawa ya kunyunyizia hakuna. Kinachotakiwa ni kuondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga kwenye moto, na kung'oa mgomba ulioathirika. Sasa fikiria mtu mwenye migomba michache, hana chakula kingine, anaambiwa ang'oe. Anaona bora asubiri, labda utapona. Hautaponi. Na wakati anasubiri, mlima mzima unaambukizwa. Mihogo nayo ina habari kama hiyo. Batobato kali iliyoenea Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990 husambazwa na inzi weupe, na pia na vipando vyenye ugonjwa ambavyo watu hupeana kwa wema kabisa.

Ya nne ndiyo ya baba wa yule kijana, yaani mkaa. Ukipita barabara ya Lusahunga na Nyakanazi utayaona magunia yamepangwa kando ya njia. Mti uliokatwa ulikuwa unashika udongo na unyevu kwa ajili ya kijiji kizima. Fedha imeingia mfuko mmoja.

Hapa ndipo mafundisho tunayoyasoma kila siku yanapotusaidia kufikiri. Wengi wetu tunaujua mfano alioupiga Mtume (s.a.w) wa watu waliopanda chombo, wakapiga kura, baadhi wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walikuwa wakitaka maji wanalazimika kupita kwa wa juu. Wakaona ni heri watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakizuiwa, wote wanaokoka.

Mfano huu tunausikia mara nyingi misikitini, na aghlabu unatumika kufundisha kukataza maovu. Ni sawa. Lakini naomba ndugu msomaji uutazame tena polepole. Wale wa chini hawakutoboa kwa ufisadi wala kwa kupenda. Walikuwa na kiu. Haja yao ilikuwa ya halali, na nia yao ilikuwa hata ya upole, kwani walisema hawataki kuwaudhi wa juu. Maji yote yalikuwa yanapatikana juu. Basi hebu tuseme wa juu wamewashika mikono wasitoboe, kisha wakarudi kukaa mahali pao. Je, wamemaliza wajibu wao? Kiu iko palepale. Kesho usiku, wa juu wakiwa wamelala, shoka litasikika tena.

Kwa hiyo kwa maoni yangu mfano ule unadai mambo mawili kwa pamoja, mkono unaozuia na ndoo inayoshuka. Anayezuia bila kuteremsha ndoo ameuahirisha msiba tu.

Wapo watakaosema kwamba mwenye njaa hana kosa, dharura inahalalisha. Ni kweli kwamba wanazuoni wa fiqhi wamekubaliana kuwa dharura huondoa dhambi kwa kiasi cha dharura yenyewe. Lakini wanazuoni hao hao wameweka kanuni nyingine ambayo haitajwi sana, kwamba dharura haifuti haki ya mtu mwingine. Mwenye njaa kali akila chakula cha mtu ili asife, hana dhambi, lakini wengi wao wanasema deni la chakula kile linabaki. Kanuni hii ni ya uadilifu mkubwa. Haimwiti mwenye shida mwizi, na wala haimwambii aliyeliwa chakula chake kwamba anyamaze.

Ngara wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa takriban saa 24, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Walipokelewa Benaco. Watu wale walihitaji kupika, na walipika kwa miti ya Ngara. Milima ikabaki kipara. Nani angethubutu kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni asikate kuni? Hakuna. Lakini pia nani anaweza kusema wanakijiji wa Ngara hawakupoteza kitu? Wanyarwanda wengi walirejeshwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole ya wakimbizi wa Burundi ilifungwa mwaka 2008. Mwenyeji ndiye aliyebaki na mlima wake. Haki yake haikufutwa na dharura ya mgeni. Ilihamia kwa wale wenye uwezo wa kuilipa, yaani jumuiya ya kimataifa na serikali, na ndio maana miti iliyopandwa baadaye kwa misaada ilikuwa malipo, haikuwa hisani.

Sasa naweza kumjibu kijana. Baba yako, ikiwa kweli hana njia nyingine, simhukumu kwa dhambi. Lakini kuna haki ya kijiji iliyoliwa katika kila gunia, na haki hiyo ina mdaiwa. Swali ni nani.

Tuanze na wa mbali. Bara zima la Afrika linachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotolewa duniani, wakati linabeba takriban asilimia 18 ya watu wote. Waliotoboa tundu kubwa ni mataifa ya viwanda. Mwaka 2009 kule Copenhagen mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 yatakuwa yanatoa dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi maskini. Ahadi hiyo ilitimia mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda wake, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Mwaka huohuo wa 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, ndipo ulipokubaliwa mfuko wa kufidia hasara na madhara. Wajumbe wetu wanapokwenda huko na kudai, wanadai haki. Mtu akikuunguzia nyumba, blanketi analokuletea usiku linapungua katika deni lake, halipaswi kuitwa sadaka.

Lakini hoja hii ina makali pande mbili. Kama tunaiambia Ulaya na Marekani kwamba aliyenufaika kwa madhara ya jirani anadaiwa, basi tukae tayari kuulizwa vivyo hivyo na Biharamulo. Mkaa ule hauliwi kijijini. Kijijini wanapika kwa kuni. Mkaa unapakiwa malorini kuja mjini, kwangu na kwako. Tunaununua, tunalalamika bei imepanda, halafu jioni tunasikiliza habari za uharibifu wa misitu na kusema wanavijiji hawana elimu. Kumbe katika jahazi hili sisi wa mjini tuna daraja la katikati. Tuko chini ya wenye viwanda, na tuko juu ya mkulima wa Ngara. Tunapiga kelele kwa walio juu yetu, na hatusikii kinachogonga chini yetu.

Kuna kundi jingine linalokwepa deni hili kwa jina la dini. Utasikia mtu anasema ukame ni qadar, watu wasubiri, au ni matokeo ya maasi yao, basi watubie. Kuomba toba na kuomba mvua ni ibada, sina ubishi nazo. Lakini tumtazame aliyekuwa mjuzi zaidi wa qadar kuliko sisi. Mwaka wa 18 Hijria Bara Arabu ilipigwa na ukame mkali, mwaka unaojulikana kama Mwaka wa Majivu. Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a) alitoka na watu kuomba mvua. Pia aliandika barua kwa magavana wake wa Sham na Misri wapeleke chakula. Alijizuia kula samli na nyama hadi watu wapate nafuu. Aliahirisha kukusanya zaka kwa walioathirika, na hakutekeleza adhabu ya wizi kwa walioiba kwa njaa. Hakuwaambia watu wa jangwani wahimili huku yeye akila. Yeye alikuwa juu, na ndoo ilishuka.

Kwa Umar tunajifunza pia mpangilio. Ndoo ilitangulia adhabu. Kwetu mara nyingi ni kinyume. Operesheni ya kuwaondoa watu bondeni inafika kabla ya bomba la maji, na mgambo wa misitu anafika kabla ya mbegu. Sisemi sheria ya mita 60 iachwe. Chemchemi ikifa, maskini ndiye wa kwanza kufa kiu. Nasema anayekwenda kumwondoa mtu bondeni aende na jibu la swali "nitakula nini msimu huu?"

Tufanye nini basi? Nitasema machache yaliyo ndani ya uwezo wa msomaji wa gazeti hili.

Kwanza, moto wa jikoni kwetu. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka huo unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule zetu za Kiislamu zenye mabweni na vituo vyetu vya yatima vimo katika agizo hilo. Kamati ya shule inayojenga geti la fahari huku jiko lake linakula magunia ya mkaa kila wiki ijiulize ni nani anayelipia wali ule.

Pili, sadaka zetu ziende mbali zaidi ya futari. Upo utaratibu ambao Watanzania wanaujua wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Familia inapewa mtamba, ikipata ndama jike wa kwanza inampa jirani. Ng'ombe mmoja ni maziwa, na ni samadi, na bila samadi mgomba na mihogo katika udongo uliochoka haitoi kitu. Utaratibu huu naupenda kwa sababu njia yake ni ileile ya unyanjano ikiwa imegeuzwa. Ugonjwa ulipita nyumba hadi nyumba, sasa neema inapita nyumba hadi nyumba. Mtu anayeweza kuweka wakfu anaweza kuweka mitamba, tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye paa la msikiti au shule, au shamba la vipando safi vya mihogo. Na jirani wa Ngara hapewi kwa kuulizwa dini. Mteremko mmoja wana mvua moja na tope moja.

Tatu, wenyeji wenyewe wasaidiwe kuzuiana kwa haki. Aliyeng'oa migomba yake kumi ili kuuokoa mlima ametoa kafara kwa ajili ya wote. Ni dhulma kumwacha alale njaa huku wenzake ambao migomba yao imepona wakivuna. Kijiji kiweke utaratibu kwamba kila aliyenusurika anampa aliyeng'oa mkungu mmoja na machipukizi safi. Kwa utaratibu huo mtu hatauficha ugonjwa, kwa kuwa kusema ukweli hakutakuwa kujiua.

Mtu anaweza kuona kwamba mambo haya ni madogo mbele ya joto la dunia nzima. Ni madogo, sikatai. Lakini haki ya jirani haipimwi kwa ukubwa wa dunia. Inapimwa kwa kile unachokijua na kile unachokiweza. Mkulima wa Ngara ameonyesha kwamba anaweza kubadilika, kwani amebadilisha mbegu, amebadilisha kalenda na amebadilisha chakula cha watoto wake. Ni sisi wa juu yake ambao bado tunapika vilevile, tunanunua vilevile, tunatoa vilevile, na tunamhimiza ahimili zaidi.

Kiu ya wa chini tumeshaisikia. Kamba tunayo, ndoo tunayo, na maji yako upande wetu.

Wallahu a'lam.